Damu ndoo mbili, sauti ya elfu sitini: uchambuzi wa filamu moja ya Katwe

Dakika ya 31 muuaji anamnyemelea muuza maziwa kwenye ujia mwembamba, kisu kinashuka, msichana anaanguka, na kibanda kizima cha video kinaangua kicheko. Si kile kicheko cha woga kinachomtoka mtu huku amejifunika uso kwa leso. Ni kicheko cha watu waliochoka. Dakika kumi baadaye mabenchi ya nyuma yameanza kuachwa wazi, na VJ, msimuliaji anayetafsiri na kutania filamu papo hapo, ambaye hajaweka maikrofoni chini tangu jina la filamu lilipotokea, anatania viatu vya maiti.

Kikundi tunachokichambua ni cha kubuni. Makosa yake si ya kubuni, na mtu yeyote aliyewahi kutengeneza filamu ya bei chee Kampala atakuwa amefanya angalau matatu kati ya haya. Ni watu 14: wengi wao Wakongomani wa Katwe na Nsambya, vijana wawili wa Bombo na mmoja wa Arua, wote wanaelewana kwa Kiswahili. Wana siku 12 za kupiga picha na shilingi 4,800,000 za Uganda. Hadithi ina muuaji mmoja anayeua mtu baada ya mtu, komando mmoja mstaafu anayemsaka, na genge la wauza silaha lililoingizwa dakika za mwisho kwa sababu mtoa pesa alitaka bunduki.

Pesa ziligawanywa hivi. Chakula na nauli za watu 14 kwa siku 12, elfu kumi kwa mtu kwa siku: 1,680,000. Kukodi kamera na lenzi mbili: 1,200,000. Shukrani kwa wenye maeneo na nauli za watu wa umati: 500,000. Taa mbili za LED na betri zake: 480,000. Damu, kondomu za vifuko vya damu na nguo za kuchanwa: 390,000. Diski mbili: 280,000. Bunduki sita za bandia kutoka kwa mafundi chuma wa Katwe: 210,000. Sauti: 60,000, yaani kimaikrofoni kimoja cha kubana kwenye kola. Damu na bunduki zilikula mara kumi ya sauti. Ukitaka kujua kwa nini watu walicheka dakika ya 31, anza hapo.

Wanyama wawili katika zizi moja

Kuchanganya muuaji na mapigano si wazo jipya. Kampuni ya Cannon, iliyochukuliwa na Menahem Golan na Yoram Globus mwaka 1979, iliuza mchanganyiko huo muongo mzima. Katika filamu yao ya 1983 yenye Charles Bronson, polisi anapaka damu ya marehemu kwenye nguo za mtuhumiwa ili kesi isimponyoke. Hapo ndipo muuaji na mpiganaji wanapounganishwa: sheria inamshindwa muuaji, kwa hiyo mwenye bunduki anaivunja. Miaka mitatu baadaye wakatoa ile ya Sylvester Stallone, ikakatwakatwa sana ili isipewe daraja la X (la watu wazima tu), ikabaki chini ya dakika 90. Ni filamu za kuuza damu, hazijifichi, lakini zina hesabu ndani yake.

Kampala ina hesabu yake nyingine. Wakaliga, ambako Nabwana I.G.G. aliyewahi kufyatua matofali amekuwa akitengeneza filamu chini ya Ramon Film Productions tangu 2005, ilionyesha dunia kwamba filamu ya mapigano inaweza kutoka kwa pesa isiyofika dola 200, bunduki za mabomba na mbao, na kompyuta ya kuunga vipande. Ile filamu yao ya 2010 imebaki katika nakala moja tu, yenye sauti ya VJ juu yake. Nakala isiyo na VJ haipo tena. Hilo watu hulisimulia kama bahati mbaya, lakini lina somo: kwa mapigano, VJ ni injini ya pili. Mtu akikosea kuanguka, VJ anamwokoa. Bunduki ikionekana ya mbao, VJ anaicheka kabla ya mtazamaji, na mtazamaji anakuwa upande wake.

Muuaji haokolewi hivyo. Muuaji anaishi kwa kusubiri: mlango, hatua, mtu asiyejua. Mapigano yanataka kelele, mikato ya haraka na miili mingi. Muuaji anataka mwili mmoja na kimya. Kikundi cha Katwe kiliiga kwa nje Wakaliga na vibanda vya enjogerere, yaani tafsiri ya mdomo ya filamu za Hong Kong na Marekani, kikasahau kwamba mnyama wao wa pili halishwi majani hayo.

Bei ya kifo

Hariri ya kwanza ilikuwa ya dakika 94. Mapigano dakika 48, mazungumzo 25, muuaji 21. Waliokufa kwa risasi 61, waliokufa kwa mkono wa muuaji 9. Mbaya zaidi ni mpangilio: mapambano matatu ya bunduki yalitangulia, na kufika dakika ya 31 mtazamaji ameshaona watu 38 wakianguka. Kifo cha 39, hata kikiwa cha msichana mwenye jina na mama, kinaingia sokoni bei imeshaanguka. Ndiyo maana walicheka.

Dawa yake haikuhitaji hata siku moja ya kupiga picha upya. Sini ya muuza maziwa ikahamishiwa dakika ya 5. Risasi ya kwanza ikasogezwa mpaka dakika ya 24. Pambano la pili, lile la gereji, likatupwa lote, na kwa hilo mpiga picha hakuzungumza na mhariri siku mbili, kwa sababu ndimo alimokuwa na shoti yake nzuri ya kupita chini ya lori. Waliokufa kwa risasi wakabaki 17, kwa muuaji 6. Filamu ikashuka hadi dakika 78.

Jambo la pili lililokatwa ni hotuba. Muuaji alikuwa na dakika tatu za kueleza utoto wake kwa Kiswahili, mbele ya kioo. Tatizo halikuwa uigizaji. Kampala ina kumbukumbu yake ya Kiswahili: kwa miaka mingi ndiyo lugha mtu aliyoisikia kizuizini barabarani, au usiku mlango ulipogongwa na watu wasiotakiwa. Lugha imepandishwa hadhi katika katiba tangu 2005, sawa, lakini sikio halirekebishwi na bunge. Mtu akifoka kwa Kiswahili kwenye filamu ya Kampala, nusu ya kibanda inasikia askari na nusu inasikia jambazi. Kwa komando hilo ni faida, anapata umri na historia bila kuandikiwa. Kwa muuaji ni hasara: anageuka jambazi wa kawaida. Akanyamazishwa kabisa. Katika nakala ya mwisho muuaji hasemi neno hata moja, na mwigizaji, ambaye alikuwa fundi viatu asiye na uzoefu wowote, akaonekana ghafla ana kipaji.

Kuna jambo moja ambalo halikuwa la ufundi. Skripti ya kwanza iliweka maiti za wanawake kando ya barabara ya Nansana, na ikampa muuaji panga. Mwaka 2017 zaidi ya wanawake 20 waliuawa Nansana na maeneo ya Entebbe, na mwaka 2021 Masaka ililala macho kwa sababu ya watu wa bijambiya (mapanga) waliokuwa wakiwaua wazee majumbani mwao. Familia hizo ziko hapahapa, zinaangalia filamu hizihizi kwenye simu. Filamu ya kuuza damu ina haki yake ya kuuza damu, lakini si ya jirani ambaye kaburi lake bado linapaliliwa. Panga likaondolewa, mahali pakaachwa bila jina, na waliouawa wakawa wa kila aina, akiwemo mwenye nyumba mmoja mnene ambaye hakuna mtazamaji aliyemlilia.

Baiskeli

Sasa sauti, maana hapa ndipo kisa kilipo.

Mhariri alikuwa ameweka mngurumo mzito chini ya kila sini ya muuaji, sauti ya takriban hezi 60, na kwenye vipokea sauti vyake nywele zilisimama. Kibandani hakukusikika kitu. Spika za vibanda vingi ni masanduku ya mbao yenye koni iliyochoka, na spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya hezi 200. Kwa hiyo mtazamaji aliona mwanamume akitembea polepole kwenye ujia, bila sauti yoyote ila pikipiki iliyopita siku ya kupiga picha. VJ akajaza pengo hilo, na angefanyaje? Kazi yake ni kujaza pengo.

Muuaji alipewa baiskeli. Si ya kupanda, ya kusukuma, kama zile zinazobeba matooke alfajiri, na gurudumu la mbele likakaushwa grisi mpaka likawa linalia nyii, kimya, nyii, kimya. Mlio wa namna hiyo uko juu, kwenye kilohezi 2 hadi 4, mahali ambapo spika mbovu na sikio la binadamu vinakutana vizuri. Ulirekodiwa peke yake: baiskeli imepinduliwa juu ya godoro, gurudumu linazungushwa kwa mkono, kimaikrofoni kiko sentimita 20 kutoka kwenye ekseli, dakika mbili polepole, dakika mbili za mwendo wa kawaida, dakika moja ya kusimama ghafla. Chumba cha kurekodia kilikuwa gari lililoegeshwa, vioo vimefungwa, godoro limekunjwa nyuma, kwa kuwa kuta za saruji zinarudisha mwangwi na bati linaleta kelele za mvua. Kwa kundi lisilo na studio, gari ndilo chumba cha sauti cha bei rahisi kuliko vyote.

Mara ya kwanza mlio unasikika na baiskeli inaonekana. Mara ya pili mlio unasikika, baiskeli iko mbali. Kuanzia mara ya tatu baiskeli haionekani tena, na hapo gharama ya kumwonyesha muuaji inakuwa sifuri. Kwa filamu ya shilingi milioni nne na laki nane, hiyo si hila ya kisanii, ni uhasibu.

Kisu nacho kilikuwa na tatizo. Sauti waliyokuwa wameshusha kutoka intaneti ni ya upanga ukichomolewa, shwiing, na kisu cha jikoni hakilii hivyo hata siku moja. Badala yake kilitafutwa kipande cha mgomba, sentimita 40 hivi, kilichokatwa siku hiyohiyo kikiwa bado kinadondosha maji, kikalazwa juu ya gunia. Ukichoma kisu ndani yake unasikia ngozi inapasuka, kisha nyuzi zinakatika, kisha maji. Kila pigo liende mahali papya, kwa sababu tundu lililochomwa mara moja likichomwa tena linatoa sauti kavu. Na kinachotisha si kisu kuingia, ni kutoka: vuta polepole, pindua kidogo, maikrofoni iwe karibu. Mgomba wa jana hautoi kitu. Mfupa ni muwa uliovunjwa ndani ya kitambaa kilicholowa. Mwili kuanguka ni gunia lenye nguo mbichi kudondoshwa sakafuni kutoka kimo cha magoti, si cha kichwa, kwani mtu huanguka kwa magoti kwanza.

Kitu kimoja hawakukifanya siku za kupiga picha na kiliwagharimu usiku mwingi wa hariri: kurekodi sekunde 60 za mahali penyewe watu wote wakiwa kimya. Bila hizo, kila unapokata maneno ya mtu, nyuma yake panabaki shimo, na sikio linajua. Walirudi Katwe wiki tatu baadaye kurekodi ujia uleule, wakakuta duka la jirani limefungua saluni ya kinyozi yenye redio.

Damu ilikuwa nyingi, na bado haikutosha

Chungu cha kwanza kilikuwa sukari, maji na rangi nyekundu ya chakula, basi. Mchana ilipendeza. Usiku chini ya LED za bei nafuu, ambazo mwanga wake una ubluu, damu iligeuka sharubati ya waridi. Mchanganyiko uliofaa ni huu: sukari kilo 2 kwa lita 1 ya maji, ichemke mpaka idondoke kama asali nyepesi, ipoe kabisa, kisha rangi nyekundu mililita 20, kakao vijiko viwili vya chai vilivyokorogwa pembeni kwa maji ya uvuguvugu ili visigande madonge, na rangi ya bluu matone mawili, si matatu. Kakao ndiyo inayoizuia damu kuwa waridi. Kijiko cha sabuni ya maji kinasaidia nguo kusafishika, ila damu ya mdomoni itengewe chombo chake bila sabuni. Jaribu kwenye shati lenyewe, chini ya taa yenyewe, kwa kamera yenyewe, jicho litakudanganya.

Kuna wanaodhani damu ya ng'ombe ni rahisi zaidi. Wakaliga waliianza hivyo, wakaiacha mwigizaji alipougua. Inaganda dakika chache tu, inageuka kahawia, inanuka, na inaweza kubeba magonjwa ya mifugo. Ya sukari nayo ina wageni wake. Siku ya nne, saa saba mchana, maiti sita zililala Namuwongo zikisubiri wingu lipite, wakaja nzi, halafu nyuki. Nzi waliachwa kwenye filamu. Waliigiza vizuri kuliko wenzao.

Vifuko vya damu vilivyofungwa kifuani vilikuwa 44, na 17 havikupasuka. Sababu ni tatu na kila moja ilionekana kwenye kanda. Kondomu ililegea: mililita 30 zilizowekwa bila hewa zinajificha pembeni ya pini badala ya kupasuka, kwa hiyo lazima ipulizwe kidogo na kufungwa mpaka ngozi yake ikaze kama embe. Shati halikuandaliwa: tundu linatakiwa lisuguliwe kwa msasa kwa ndani, au likatwe alama ya msalaba kwa wembe kisha lishikizwe kwa tone la gundi, la sivyo damu inabaki ndani na mtu anaonekana amejimwagia chai. Na uzi ulivutwa kutoka ubavuni, shati likatangulia kuondoka kabla ya damu.

Mpangilio uliofanya kazi: kipande cha plastiki cha dumu la lita tano, ukubwa wa kiganja, kinavaliwa juu ya fulana; juu yake kondomu iliyobandikwa kwa plasta kwa umbo la msalaba; pini iliyokunjwa, ncha ikitazama nje, imeshikizwa kwenye ngozi ya kondomu na kufungwa uzi wa nailoni wa kuvulia; uzi unatoka kwenye tundu la shati, unakuja mbele moja kwa moja, na mvutaji amechuchumaa chini ya lenzi. Avae miwani, kwa sababu pini inamjia yeye. Mwigizaji asijitupe kabla ya kuvutwa: anajitupa anapohisi mvuto. Jeraha la kisu halitaki kondomu kabisa. Linataka mpira wa dripu wa mita moja na nusu uliopitishwa kwenye mkono wa shati, na bomba la sindano la mililita 60 mikononi mwa mtu aliye nje ya picha. Vifo vya muuaji vilikuwa sita tu katika nakala ya mwisho, na mililita 60 zilitosha kila kimoja. Ndoo mbili zote zilikwenda kwa wauza silaha.

Bunduki

Mafundi wa Katwe wanatengeneza umbo zuri, lakini bunduki za mwanzo zilikuwa mbao tupu na waigizaji wakazipeperusha kama fagio. AK halisi bila risasi inazidi kilo 3. Zilipotiwa bomba la chuma ndani na kufika kilo mbili na nusu, mabega yakashuka yenyewe na mwendo ukabadilika. Mwako wa mdomoni uliwekwa kwenye kompyuta, na kosa lake lilikuwa urefu: fremu tano, yaani picha tano, kwa risasi moja. Kwenye fremu 25 kwa sekunde hiyo ni moja ya tano ya sekunde, ni jiko la gesi. Fremu moja inatosha, mbili ukiwa na moshi, na fremu hiyohiyo ukuta wa karibu uangazwe kidogo. Ukuta ndio unaomshawishi mtazamaji kuliko moto wenyewe.

Siku ya saba walipoteza saa nne. Sini ilikuwa ya kukimbizana kando ya reli ya Namuwongo. Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) walikuwa nayo, polisi wa kituo cha karibu walikuwa wameambiwa, lakini reli haijali mipaka: mita 200 mbele ni zoni nyingine, yenye mwenyekiti mwingine ambaye hakuwa na habari. Kijana mmoja alitangulia kwa bodaboda, bunduki mbili mapajani bila gunia, na bereti nyekundu kichwani. Bereti hiyo tangu 2019 imetangazwa kuwa vazi la jeshi, na sheria ya UPDF (jeshi la Uganda) ya 2005 inamkataza raia kumiliki sare na vifaa vya jeshi. Hakuna aliyepigwa. Walikalishwa chini, simu zikapigwa, bunduki zikagongwagongwa kuthibitisha ni za bandia, na jua likaenda zake. Tangu siku hiyo silaha zilisafiri ndani ya gunia lililofungwa, mtu mmoja akizihesabu zikitoka na zikirudi, barua moja kwa kila zoni, na mavazi yakawa ovaroli nyeusi. Madoadoa ya jeshi hayakuongeza chochote kwenye picha kwa vyovyote vile.

Saa nne hizo ziliuma kwa sababu ya mahali tulipo duniani. Kampala iko karibu kabisa na ikweta: jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi mwaka mzima, na mwanga wa magharibi unadumu kama dakika 20 tu. Ratiba iliyoandika "jioni, shoti tisa" iliandikwa na mtu aliyesoma kitabu cha ughaibuni. Shoti tatu, labda nne. Zilizobaki zilipigwa usiku dukani chini ya taa za tyubu, kamera kubwa ikiwa kwenye fremu 25 na simu ya pili kwenye 30. Umeme wetu ni wa hezi 50. Kwa fremu 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde taa inatulia. Simu kwenye 30 ikaleta mistari inayopanda ukutani kama moshi. Isitoshe, simu nyingi hazishiki mwendo mmoja wa fremu, zinapanda na kushuka zenyewe, na mwisho wa shoti ya dakika nne midomo ilikuwa imeachwa na maneno kwa fremu saba. Picha za simu zinatakiwa kugeuzwa kwanza kuwa za mwendo mmoja, kwa programu kama HandBrake, ndipo ziingie kwenye hariri. Mhariri alijua hilo baada ya kusawazisha sini nzima kwa mkono.

VJ anapewa karatasi

Kumfukuza VJ kulijadiliwa, kukaachwa. Filamu isiyo na VJ kibandani ni kama harusi isiyo na mshereheshaji: watu watakaa, lakini watatazama saa. Alipewa kitu ambacho hakuwahi kupewa, karatasi ya dakika. Kushoto muda wa kuongea, kulia muda wa kunyamaza, na kanuni moja: gurudumu likilia, maikrofoni inashuka. Kila kimya kiliandikwa kuanzia sekunde kumi kabla ya mlio, kwa kuwa VJ aliyeshaanza sentensi hawezi kuikata. Vimya vilikuwa saba, kirefu kuliko vyote sekunde 40. Kwenye mapigano akaachiwa uwanja wote.

Tena VJ mwenyewe ndiye aliyeona kilichowaponyoka waandishi. Akanyamaza ghafla katikati ya utani, kibanda kikajua kabla ya kusikia chochote kwamba baiskeli iko njiani. Kimya chake kilikuwa kimegeuka kuwa kengele.

Onyesho la pili lilifanyika Bombo, usiku, kwenye chumba cha watu kama 60. Kimya cha tatu kilipoingia, mtu mmoja alipita nje na baiskeli yake halisi, isiyotiwa grisi, na nusu ya mabenchi yakageukia mlangoni. Hakuna aliyecheka. Kabla ya hapo, muuza maziwa alipoanguka, mama mmoja wa mbele alisema "Wallahi" kwa sauti ndogo, na VJ hakumgusa.

Kasoro ilibaki moja. Mhariri alipunguza sekunde 40 kwenye sini ya hospitali baada ya karatasi kuchapishwa, na hakumwambia mtu. Kuanzia hapo muda wote wa karatasi ukawa umechelewa: dakika ya 52 baiskeli ikalia chini ya utani wa VJ, mlinzi akafa bila kusikika, kisha maikrofoni ikashuka kwa heshima zote, na watu 60 wakakaa sekunde 40 bila kupumua wakimtazama komando akikoroga chai.